Tumbo Korofi: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



 

Mhazini wetu amekwisha kuwasomea hesabu za hisa, mikopo na faida ya miaka kumi. Mkitaka kuzirudia mtazikuta kitabuni. Katibu naye ameeleza jinsi tulivyoanza mwaka 2015, wanawake kumi na tisa chini ya mwembe, na sanduku la mbao la kufuli tatu. Wakati huo wilaya yetu ya Nyasa ilikuwa bado changa, imekatwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na kila jambo tulikuwa tunajifunza upya. Hayo yote yamesemwa vizuri, wala sitayarudia.

Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba. Sikuja na maneno makubwa. Nimeomba nizungumze juu ya jambo moja ambalo watu hawalizungumzi kwenye sherehe, nalo ni tumbo. Naona wengine mnacheka. Chekeni tu, lakini mkimaliza nisikilizeni, maana jambo hili lilimtoa mwanachama kikundini, na aliyemtoa ni mimi.

Mnajua kazi zetu. Kikundi chetu ni cha akina mama wa biashara. Wapo wanaouza dagaa na mbasa hadi Mbinga na Songea, wapo wanaoteremsha maharage na mahindi kutoka milimani, na wapo wanaovuka ziwa kwenda Nkhata Bay kule Malawi na kurudi na vitenge. Sisi tukisikia mtu amesafiri nchi za nje tunafikiria Ulaya na ndege. Kumbe hata Nkhata Bay ni nje ya nchi. Unapanda boti jioni, unakuta maji mengine, vyakula vingine, vyoo vingine na vijidudu ambavyo tumbo lako halijawahi kukutana navyo. Ndugu zetu wa kule wakija huku yanawapata hayo hayo. Msafiri ni msafiri.

Mwaka 2017 mwenzetu mmoja alirudi kutoka ng'ambo akiwa anaharisha. Aliumwa siku sita, akatibiwa, akapona. Sisi tulidhani mambo yamekwisha. Lakini baada ya hapo akawa mtu wa kukosa vikao. Akija anachelewa, akikaa hamalizi, anainuka katikati ya hesabu anatoka. Akiulizwa anasema, "Tumbo." Wiki hii tumbo, wiki ijayo tumbo. Kwa nje alikuwa anaonekana mzima, amevaa khanga yake vizuri, na mwili haukupungua.

Jamani, midomo yetu akina mama tunaijua. Wa kwanza akasema ana ule ugonjwa. Wa pili akasema ametupiwa kitu na wafanyabiashara wenzake wa ng'ambo kwa sababu ya wivu. Wa tatu akasema ni mvivu tu, anakwepa marejesho. Mimi nilikuwa huyo wa tatu. Katiba yetu ilisema asiyehudhuria atozwe faini ya shilingi elfu moja, na atakayekosa vikao vinne mfululizo bila sababu ya msingi atolewe. Nilisimama mbele ya kikao nikasema tumbo siyo sababu ya msingi, kila mtu ana tumbo. Watu wakacheka, na yeye alikuwepo. Wale wanne aliodhaminiana nao wakakataa kumdhamini tena. Tukakata faini zote katika hisa zake, tukamkabidhi kilichobaki. Alihesabu fedha zake kimya kimya, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaenda zake.

Wahenga walisema, usimcheke kilema na wewe hujafa. Mwaka uliofuata nikavuka mimi.

Nilikaa Nkhata Bay siku tatu. Nilikula kwa mama ntilie, nikanywa maji ya ndoo kwa kikombe ambacho kila mtu alikitumia, maana jua lilikuwa kali na chupa yangu ilikwisha. Sisemi maji ya kule ni mabaya kuliko yetu. Hata huku ningeweza kuyapata. Siku ya kurudi, humo humo ndani ya boti, tumbo likaanza kusokota. Kufika nyumbani nilikuwa naharisha damu na homa juu. Nilipelekwa hospitali, nikapimwa, wakasema siyo kipindupindu, ni kuhara damu. Nikapewa dawa na maji ya kuongezwa mwilini. Siku ya nane nilikuwa nimepona na nikarudi kwenye shughuli zangu.

Basi, hapo ndipo yalipoanza. Damu haikurudi wala homa haikurudi, lakini tumbo halikuwa lile nililozaliwa nalo. Asubuhi naenda chooni mara nne, mara tano, kabla ya saa tatu. Siku nyingine linafunga kabisa, limejaa gesi kama ngoma. Nikila maharage nakesha. Msokoto unakuja, nikishapata choo unatulia, halafu unaanza upya. Ibadani nikawa nakaa karibu na mlango. Basi la kwenda Mbinga sikulipanda tena, maana nilikuwa najiuliza, likinishika kule kwenye kona za mlimani nitamwambia nini dereva mbele ya abiria wote? Nilikuwa najua kila choo kilipo kuanzia bandarini mpaka sokoni. Mtu mzima mwenye wajukuu, naishi kwa kuhesabu vyoo.

Mwenye shida hachagui. Nilinunua Flagyl dukani mara nyingi mpaka nikasahau hesabu. Nikanunua sipro. Duka moja likanipima damu likasema taifodi, nikatibiwa. Baada ya miezi miwili nikapimwa tena, taifodi, nikatibiwa tena. Nikanywa mizizi. Kuna mtu aliniambia nimelishwa kitu, akataka jogoo na fedha. Jogoo nilitoa. Fedha za kahawa ya mzee wangu za msimu mzima ziliishia tumboni, na tumbo lenyewe lilibaki vile vile. Na kikundi? Nikaanza kukosa vikao. Hakuna aliyenitoza faini, kwa sababu nilikuwa mwenyekiti. Hilo nalo naomba mliandike kitabuni kama lilivyo.

Zilipita zaidi ya miezi kumi na minne ndipo nikakutana na daktari mmoja aliyekaa chini akanisikiliza. Hakukimbilia kuandika dawa. Aliniuliza: damu ipo kwenye choo? Unakonda? Homa? Tumbo linakuamsha usiku? Alinipima choo kutafuta amiba, giardia na kichocho, akapima wingi wa damu, akaniomba nipime na virusi vya UKIMWI, nikakubali. Vyote vikaonekana salama. Mimi nikakata tamaa, nikamwambia, "Basi daktari, wewe nawe unasema siumwi." Akasema, "Mama, unaumwa. Ila kijidudu kilichokuumiza kilishaondoka siku nyingi. Kilichobaki ni jeraha la mazoea."

Alinieleza kwa mfano nami nawapa mfano huo huo. Nyumba ikiingiliwa na mwizi usiku, mwizi akakimbia, mbwa wa nyumba hiyo hatalala tena kama zamani. Jani likianguka anabweka. Paka akipita anabweka. Mwizi hayupo, lakini kelele ni za kweli na mwenye nyumba halali. Utumbo una mishipa yake ya fahamu. Maambukizi makali yakiuchubua, mishipa ile inaweza kubaki na wepesi wa kushtuka. Tena wale bakteria wema wanaoishi tumboni wanavurugika. Chakula cha kawaida kikipita, utumbo unashtuka kana kwamba adui amerudi: unasokota, unasukuma haraka, au unafunga. Madaktari wana jina lake refu. Sisi kikundini tumeuita tumbo korofi, na nyote mnajua mtu korofi ni wa namna gani: hakuui, lakini hakupi raha.

Alisema katika watu kumi wanaougua maambukizi ya tumbo, mmoja hivi hubaki na hali hiyo. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyeumwa sana au kwa siku nyingi, na wanawake tunapata zaidi kuliko wanaume. Mwenye mawazo na hofu naye hupata zaidi. Hapa msinielewe vibaya. Hakusema ugonjwa uko kichwani. Alisema kichwa na tumbo ni jirani wenye ukuta mmoja, kelele za huku zinasikika kule.

Mimi nilishtuka. Nikamwuliza, mbona huku kwetu hatujawahi kusikia? Akanieleza habari za mji mdogo wa Walkerton huko Kanada, wenye watu elfu tano hivi. Mwezi Mei mwaka 2000 mvua kubwa ilinyesha, ikasomba kinyesi cha ng'ombe kikaingia katika kisima cha maji ya mji, na dawa ya kusafisha maji haikuwekwa sawasawa. Watu 2,300 hivi waliugua na saba walikufa. Madaktari hawakuondoka baada ya watu kupona, waliwafuatilia. Miaka miwili mitatu baadaye, katika kila watu 100 walioumwa, kama 30 walikuwa na tumbo korofi. Kwa wale ambao hawakuumwa walikuwa 10 tu. Baada ya miaka minane, wale 30 walikuwa wamepungua wakabaki kama 15.

Akanipa na habari za Bergen, mji wa Norwei. Mwaka 2004 maji yao ya kunywa yaliingiwa na giardia, watu wengi wakaugua. Miaka mitatu baadaye, karibu nusu ya waliougua walikuwa bado na matumbo korofi, na baada ya miaka kumi bado walikuwa wengi, zaidi ya 40 katika kila 100.

Akina mama wenzangu, mambo haya yaligusa moyo wangu kwa sababu mbili. Ya kwanza, kama Wazungu wa Kanada na Norwei wenye mabomba na hospitali kubwa yaliwapata hayo hayo, basi hakuna jirani aliyeniroga, wala hakuna aliyemroga mwenzetu. Ya pili, wale wa Walkerton walipungua nusu. Maana yake wengi hupata nafuu, ila kwa polepole. Siyo ugonjwa wa wiki moja, ni wa miezi na miaka, na anayeugua anahitaji watu wa kumvumilia.

Sasa niwaeleze ninavyoishi, labda itamfaa mtu. Kwanza niliacha kumeza dawa za vijidudu bila kupimwa. Daktari alisema dawa hizo zikimezwa ovyo huua hata wale bakteria wema, na siku ukiumwa kweli zinakuwa hazifanyi kazi. Ile damu ya taifodi niliyokuwa napimwa kila mara, kipimo cha Widal, kinatazama kinga iliyojengeka mwilini, na kinga hiyo inaweza kubaki muda mrefu hata ugonjwa ukiwa umeondoka. Ndiyo maana nilikuwa naambiwa taifodi kila nikienda. Lakini sikilizeni vizuri: daktari akikupima akakuandikia dozi, meza yote mpaka iishe. Ninachokataza ni kujiandikia mwenyewe dukani.

Pili ni daftari. Sisi tumezoea daftari la hisa, basi mimi nikaanzisha daftari la tumbo. Kila siku naandika nilichokula na jinsi tumbo lilivyokwenda. Kwa daftari hilo niligundua adui zangu: maharage, kabeji, vitunguu vingi, maziwa mabichi, chapati na maembe. Kwa mtu wa Mbinga kuambiwa apunguze maharage ni msiba, lakini ndivyo ilivyo. Nilipunguza kimoja kimoja kwa wiki chache, kisha nikakijaribu tena kidogo. Siku hizi maharage nakula vijiko vichache, yawe yamelowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa. Maziwa yamekubali tena, maana baada ya kuhara tumbo hushindwa kuyavumilia kwa muda tu. Ugali, wali, viazi na samaki wa kuchemsha havinisumbui. Mwenzangu adui zake wanaweza kuwa wengine, ndiyo maana nasema kila mtu na daftari lake. Msiache vyakula vyote kwa pamoja mkabaki na njaa.

Tatu, nakula kwa saa, kidogo kidogo, siyo kushinda njaa sokoni halafu usiku napakua mlima wa ugali. Natembea kila jioni. Nalala mapema. Na jambo la nne ndilo lililonisaidia kuliko yote: nilisema. Nilimwambia mzee wangu, nikawaambia watoto, mwisho nikawaambia ninyi. Siku niliyosema wazi kikaoni, wanawake wawili walinifuata pembeni wakaniambia, "Mwenyekiti, na mimi pia." Walikuwa wamekaa nalo miaka.

Lakini nisije nikawapoteza. Siyo kila tumbo ni tumbo korofi. Ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, ukipata homa, ukiamshwa usiku na kuhara, ukiishiwa damu, au kama shida imeanza ukiwa umeshapita miaka hamsini, usijiambie maneno ya Mwenyekiti. Nenda hospitali. Inaweza kuwa amiba, kichocho, kifua kikuu cha tumbo au saratani, na hayo yanataka kutibiwa mapema. Hata mimi umri wangu ndio huo, na daktari aliniambia nirudi wakati wowote nikiona badiliko, na narudi.

Halafu ipo kinga. Ninyi mnaovuka ziwa mnakumbuka kipindupindu kilichoanza Malawi Machi 2022. Kilifika wilaya zote 29 za nchi ile, Nkhata Bay ikiwemo, na kabla hakijatulia mwaka 2023 kilikuwa kimeua watu zaidi ya 1,700. Wale walikuwa wateja wetu na ndugu zetu. Tangu wakati ule kikundi kimejiwekea utaratibu wa msafiri: abebe maji yaliyochemshwa au yenye dawa, abebe kikombe chake, ale chakula cha moto, tunda alimenye mwenyewe, na kipande cha sabuni kiwe mkobani pamoja na pakiti mbili za ORS. Usipokuwa na pakiti, lita moja ya maji salama, sukari vijiko vidogo sita vya usawa na chumvi nusu kijiko kidogo. Usizidishe chumvi. Kuhara kukianza, anza kunywa hapo hapo, usisubiri kufika nyumbani. Kukiwa na damu au homa, au maji maji yakiwa mengi kama ya mchele, tafuta hospitali ya karibu hata kama ni ya ng'ambo. Ziwa lisikupite ukiwa huna nguvu.

Sasa narudi kwa yule mwenzetu, maana bila yeye hotuba hii haina maana.

Nilipotoka kwa daktari sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilikwenda kwake. Nilimkuta anaanika dagaa. Nikamweleza yote, mbwa na mwizi, na Kanada. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Mwenyekiti, kama wewe usingeumwa, ungenijia?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Nilikwenda mara ya pili na Katibu na Mhazini. Tulipeleka fedha zote za faini tulizomkata, zimehesabiwa na kikao. Alizipokea. Alisema, "Nimewasamehe, lakini sanduku lenu sitakaa mbele yake tena." Tumeheshimu neno lake. Yeye yupo hapa leo kama mgeni, amekaa nyuma karibu na njia, na nyote mnajua sasa kwa nini amechagua pale. Binti yake ndiye mwanachama wetu tangu mwaka 2020, na ndiye aliyewasomea shairi asubuhi. Kwa ruhusa yake mama huyo nasema mbele ya Mgeni Rasmi na kijiji kizima: shangazi yangu, nilikukosea. Nilikuita mvivu ulipokuwa mgonjwa. Naomba msamaha tena, safari hii mbele ya wale wale waliocheka.

Baada ya hapo tulibadilisha katiba, na naomba wanachama wapya wayajue mabadiliko hayo. Mosi, mgonjwa hatozwi faini, hata ugonjwa wake uwe hauonekani kwa macho. Hisa zake anaweza kumtuma mtu. Pili, hakuna mwanachama atakayeulizwa ugonjwa wake mbele ya kikao. Ataongea na viongozi wawili faraghani, basi. Tatu, mfuko wa jamii unatoa mkopo usio na riba kwa nauli ya hospitali na vipimo, siyo kwa misiba peke yake. Zamani tulikuwa hodari wa kuchanga mtu akifa. Nne, mwenyekiti atatozwa faini kama mwanachama mwingine. Faini zangu za mwaka ule nimezilipa, risiti anayo Mhazini.

Kwa wafadhili wetu na viongozi mliopo nina ombi moja tu. Pale ufukweni maboti yanapoteremsha abiria, na pale sokoni, hakuna choo cha kutosha chenye maji na sabuni. Kikundi kimetenga fedha za mifuko ya saruji kutoka faida ya mwaka huu, na akina mama tutasomba mchanga na mawe wenyewe. Tunaomba mtuongezee mabati, tangi la maji na fundi. Choo kile kitazuia maambukizi, na kitamwezesha mwanamke mwenye tumbo korofi kufanya biashara yake siku nzima bila kujificha. Msikidharau. Kwa mtu wa namna yetu choo ni mtaji.

Na kwenu akina mama wenzangu: miaka kumi tumejifunza kuweka akiba ya fedha. Mtu akileta hisa moja hatumcheki, tunaandika. Basi tujifunze na hili. Mwenzako akikwambia anaumwa, andika. Usimpime kwa macho yako.

Yangu ni hayo machache. Kwa wale walioniomba nifupishe, nimeshindwa, mnisamehe. Chakula kiko tayari, na maharage yamelowekwa tangu jana.